Udongo wa Paa la Mama

Ukitaka mgunga usiozidi urefu wa kidole, usijisumbue kuchonga. Subiri nyasi zikauke, ng'oa shina moja na mizizi yake, kung'uta udongo, kisha ligeuze juu chini. Mizizi ndiyo matawi. Ipunguze kwa mkasi mpaka juu pawe bapa, ipake gundi inayochuruzika kwenye migunga yenyewe, nyunyizia majani makavu ya mwarobaini yaliyofikichwa. Mti umesimama. Ng'ombe wa kulala chini yake anatoka kwenye bua la alizeti: menya ganda, ndani kuna moyo mweupe, mwepesi, unakatika kwa wembe kama sabuni ya mche. Mawe hayana haja ya kutengenezwa. Singida ina mawe ya kila kipimo, kuanzia yale yaliyobebana mgongoni kando ya barabara mpaka changarawe ya uani, na sura ni ile ile.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na hiyo ndiyo sifa yangu pekee hapa Mwankoko: zana za kufundishia. Milima, mabonde, vijiji, vyote juu ya kipande cha plaiwudi, vyote kwa vitu vya kuokota. Walimu wenzangu huniazima vijiji vyangu na kuvirudisha vimevunjika miti. Nagomba. Nina kasoro nyingine mbili. Siwezi kuvumilia ng'ombe mkubwa kuliko mlango wa nyumba, na sitengenezi watu. Mtu mdogo hutoka na kichwa kikubwa hata ufanyeje, na kijiji kizima kinageuka kichekesho.

Mama alifariki mwishoni mwa kiangazi, kijijini kwetu Mgori, kwa ugonjwa ambao haukumchelewesha. Kaka yangu alinipigia simu nikiwa darasani. Nilimaliza kipindi. Sisemi kwa kujisifu wala kujilaumu, ndivyo ilivyokuwa. Nilifuta ubao, nikaomba ruhusa, nikaita bodaboda.

Msibani nilifanya kazi kuliko mtu yeyote. Nilipepeta mchele, nilikoroga uji, nilitandika mikeka, nilipokea pole za watu na kujibu, "Asante, nimeshapoa." Na kweli nilikuwa nimepoa kama ugali wa jana. Jeneza liliposhushwa kila mwanamke pale alipiga kelele, hata jirani aliyekuwa hasalimiani na mama. Mimi nilikuwa natazama udongo. Niliona kwamba wa juu ulikuwa mweusi na wa chini mwekundu, nikawaza kwamba ule mwekundu ungefaa kwa barabara.

"Mtoto wa kike," shangazi alininong'oneza, "hata chozi la kuazima huna?"

"Sina, shangazi."

Watu waliongea, kama ilivyo ada. Wengine walisema ni usomi, wengine wakasema nina moyo wa jiwe. Nilijikagua ndani kama mtu anayetafuta jino linalouma kwa ulimi. Nilipitisha ulimi kote, hakuna lililouma. Hilo ndilo lililonitisha kidogo, nalo pia halikunitisha sana.

Tulipoanua tanga lilibaki suala la baba. Baba haoni. Presha ya macho ilimzima jicho moja, kisha la pili, miaka mingi nyuma, na nje ya nyumba mama ndiye aliyekuwa macho yake. Ndani ya nyumba hakuhitaji macho ya mtu. Ilikuwa nyumba ya tembe aliyoijenga mwenyewe akiwa kijana, na alitembea humo bila fimbo, akiinama penye boriti ya chini, akikwepa nguzo, akinyoosha mkono na kuushika mtungi pale pale ulipo. Tuliamua aje kwangu kwa muda. Alikubali kwa sharti moja: mvua zikikatika arudishwe.

Nyumba yangu ni ya tofali na bati. Aligonga kabati, akagonga stuli, akagonga friji na kuiomba radhi. Mvua ya kwanza ilipopiga bati alisimama katikati ya sebule akauliza ni nani anayeturushia mawe. Kila asubuhi nilimsalimia kabla ya kwenda shule.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mvua zimekatika?"

"Bado, baba."

"Zikikatika nirudishe."

"Ndiyo, baba."

Alikuwa hali vizuri. Alikula tonge chache, na hizo alizila kwa ajili ya safari. "Nile," alijisemea, "nipate miguu ya kufika kwangu." Aliimeza kila tonge kwa juhudi, akanawa, akarudi kukaa barazani uso ukiwa umeelekea upande wa Mgori. Sikumwambia mimi upande ule. Aliujua.

Kwa asiyeijua tembe: paa lake ni bapa, tena ni la udongo. Juu ya nguzo kuna boriti, juu ya boriti fito, juu ya fito nyasi, na juu ya nyasi udongo wa kichuguu ulioshindiliwa. Paa hilo halijitunzi. Kila mwaka kabla ya mvua lazima liongezewe udongo na kukandikwa upya, na mvua zikishaanza lazima mtu apande mara kwa mara kung'oa majani yanayoota juu yake, maana mizizi hutoboa, na maji hufuata pale pale. Kwetu kazi hiyo ilikuwa ya mama. Nikiwa mdogo nilizoea kutoka nje nikaona nyayo zake tu ukingoni mwa paa, zina vumbi, na kusikia majani yakikatika. Mengine yalikuwa magugu, aliyatupa zizini. Mengine yalikuwa mlenda, aliuteremsha ndani ya upande wa kanga ukaingia chunguni, kwa sababu mlenda wa kukausha aliuanika paani miaka yote na mbegu zilikuwa zikidondoka huko.

Mwaka ule hakuna aliyepanda. Kaka ana nyumba yake ya bati ng'ambo ya shamba, ana alizeti zake na watoto wake. Mvua zilipokolea alikuja mjini siku moja na gunia la vitunguu vya kuuza, akanipitia, akaniita nje kwenye tanki la maji ili baba asisikie.

"Nyumba ya mama imelala."

"Yote?"

"Umebaki ukuta wa upande wa zizi. Paa liko sakafuni."

"Haya," nikasema.

"Mzee ataambiwa na nani?"

"Mimi."

"Lini?"

"Mvua zikikatika."

Alinitazama. "Mficha maradhi, mwalimu..."

"Najua inavyomalizika," nikamkata.

Nilijua pia kitu kingine. Baba alikuwa anakula kwa ajili ya nyumba ile. Siku atakayosikia haipo, ataacha, na mzee wa umri wake akiacha kula haendi mbali. Nililijua hilo wazi kabisa, kama ninavyojua majina ya mikoa. Kaka alikuwa na machozi. Mimi nilikuwa nawaza nitapata wapi miti ya panda nyembamba kiasi cha njiti.

"Ukija tena niletee udongo wa pale," nikamwambia.

"Wa nini?"

"Nataka kuitengeneza."

"Kwa mfuko mmoja wa salfeti?"

"Ndogo."

Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Kaburi la mama halijakauka, mwenzetu unajipikilisha na udongo kama mtoto."

Lakini aliuleta. Nusu salfeti, aliuokota pale paa lilipoangukia, katikati ya chumba. Ulikuwa udongo mzuri kupita wote nilioushika, mweusi, laini, unakamatana kwa maji kidogo. Kijiji changu chochote kinatumia kitu chenyewe: nyasi ni nyasi, jiwe ni jiwe. Nisingeijenga nyumba ya Mgori kwa udongo wa Mwankoko.

Nilifanyia kazi barazani, mchana baada ya shule. Baba alikaa kwenye kiti chake akisikiliza mkasi.

"Unafanya nini?"

"Zana, baba. Za shule."

"Zana gani?"

"Nyumba."

"Mh," akasema.

Nguzo nilizitoa kwenye vijiti vya mkwaju, vile vinavyogawanyika mara mbili nchani, kila kimoja na panda yake. Boriti na fito zilikuwa mabua ya mtama. Ua wa minyaa niliutengeneza kwa ncha za minyaa yenyewe, nikijifunga kitambaa usoni, maana utomvu wake ukiingia jichoni ni balaa, na macho mabovu ya baba yalitutosha. Kihenge cha nafaka nilikisuka kwa uzi wa katani. Mafiga, changarawe tatu. Kinu kilitoka kwenye kipande cha tawi, kikubwa kama mbegu ya ubuyu, nikakitoboa kwa msumari wa moto. Nilitengeneza kitanda cha mama na ngozi yake ya kulalia. Nilitengeneza jiwe lake la kusagia, na lile bonde la katikati lililochimbwa na mikono yake. Mikono ilikumbuka kila kitu. Mimi nilikuwa nyuma ya mikono, nimekaa, natazama. Nilisubiri nifike kwenye kitu kitakachoniuma. Nilimaliza kihenge, nilimaliza kitanda, nilimaliza paa, sikufika.

Paa niliacha liwe la kufunua, kama kifuniko cha chungu, ili mkono uweze kuingia ndani. Hapo ndipo ulipo ukweli wa jambo zima. Nilikuwa nimeshakata shauri namna ya kumwambia baba. Nitampa nyumba mikononi kwanza, halafu nimwambie ile nyingine haipo. Niliona ni njia nzuri. Hata sasa sijui kwa nini niliona hivyo. Nadhani mtu aliyekufa ganzi huona kila kitu ni suala la ufundi.

Jumamosi moja, udongo ukiwa umekauka vizuri, nilisogeza stuli mbele yake nikaweka ule ubao.

"Nipe niishike hiyo nyumba ya shule," akasema kabla sijafungua mdomo.

Vidole vyake viliingia kwa ua. Viligusa minyaa, vikarudi nyuma, vikapita langoni. Vilifika zizini.

"Ng'ombe hawa wamenona kuliko wangu."

"Ni wa alizeti, baba."

"Ndiyo maana."

Nilitabasamu, na yeye pia, naamini. Vidole vilitambaa mpaka mlangoni, vikapapasa kizingiti, vikapanda juu, vikakuta paa linafunguka. Akaliweka pajani taratibu. Akaingia ndani. Akapita kwenye nguzo ya kwanza, akainamisha kidole penye boriti ya chini, kweli alikiinamisha, akayakuta mafiga, akalikuta jiwe la kusagia, akakuta kitanda. Pale alikaa muda.

"Hii ni nyumba yangu."

"Ndiyo, baba."

"Hukusema."

Nilivuta pumzi nimwambie. Alikuwa ameshalichukua paa kulirudisha mahali pake, na punje za udongo zilimbakia vidoleni. Alizisugua. Akazipeleka puani. Akashusha mkono, akaupandisha tena.

"Udongo huu umetoka wapi?"

"Mgori."

"Mgori kuna udongo mwingi."

Akazisugua tena zile punje.

"Huu una masizi," akasema. "Huu ni wa juu ya mafiga ya mama yako. Moshi wa miaka yote umo humu. Udongo huu hautoki nyumba ikiwa imesimama."

Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo. Mimi, ninayejidai kwa kutumia kitu chenyewe, nilikuwa nimemwekea baba kifusi mkononi na kumwambia ni zana.

"Imeanguka lini?"

"Mvua zilipokolea."

"Kaka yako anajua?"

"Anajua."

"Sawa," akasema. Akalirudisha paa, akalisawazisha kwa kidole gumba mpaka likakaa sawa, akanyoosha mikono nimletee maji anawe.

Mchana ule hakula. Usiku hakula. Asubuhi nilisema shikamoo, akaitika marahaba, basi. Hakuuliza mvua. Nilikuwa nimelizoea lile swali kiasi kwamba niliendelea kusimama mlangoni na begi langu la shule, nikingoja.

Hakugomba, hakunilaumu. Ningependa angegomba. Alikuwa anakunywa maji na kuuambia uji wangu asante bila kuugusa. Kaka alikuja, akamshika mikono, akamwambia tutajenga nyingine, ya bati, na dirisha la vioo. Baba alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kama mgeni. Kaka alipoondoka alinivuta pembeni na kuniambia maneno makali ambayo nilistahili. Maji yakimwagika hayazoleki, nikamjibu, kwa sauti ile ile ninayotumia kusoma mahudhurio. Aliniacha na kwenda zake.

Nyumba ndogo ilibaki barazani. Nilitaka kuiondoa, baba akasema iache. Upepo wa Singida unajulikana. Mvua ikija haishuki, inakuja kwa ubavu. Manyunyu yalilowesha paa, jua likalikausha, yakalilowesha tena. Baba alikaa pembeni yake mkono mmoja ukiwa juu ya ubao. Mashavu yake yalianza kuingia ndani. Nilipika chochote nilichokijua, kuku wa kienyeji, maziwa mgando, uji wa ulezi, na nilivila mwenyewe nikiwa nimesimama jikoni, bila ladha.

Kisha miche ikaota. Niliiona mimi kwanza, mitatu, ikitoka kwenye ufa wa paa karibu na ukingo. Haikuwa nyasi. Siku iliyofuata ilikuwa imefungua majani, na jani moja lilikuwa pana kuliko mlango. Nilisimama nikaitazama. Mimi ambaye naondoa ng'ombe kijijini kwa kuzidi mlango hata punje ya mtama, niliiacha. Nilijiambia nitaing'oa nikirudi shuleni. Nikirudi nikajiambia kesho.

Ikawa siku ya mapumziko. Nilikuwa nafagia baraza. Baba alikuwa amekaa kimya tangu asubuhi, kidole kikizunguka ukingo wa paa kama alivyozoea, na kidole kikasimama. Kilipanda kwenye shina, kikapapasa jani, kikashuka kwenye ufa.

Nieleze jambo moja. Baba hakuwahi kumwita mama kwa jina, wala mama fulani, wala mke wangu. Watoto alituita. Majirani aliwaita. Kwa mama alianza maneno tu, katikati, kwa Kinyaturu, na mama alijua ni yeye anayesemeshwa. Hakuna mtu mwingine duniani aliyesemeshwa na baba hivyo. Nami amenisemesha Kiswahili tangu nilipoanza shule, kwa heshima ya kalamu.

"Panda ukang'oe," alisema kwa Kinyaturu. "Paa litavuja."

Ufagio ulinisimama mkononi. Sijui kama alijisahau kwa njaa, au alijua anachosema na kwa nani. Sijamuuliza. Nilijisikia nikijibu vile mama alivyokuwa akijibu, neno moja fupi la kukubali, lenye uchovu na kicheko kidogo ndani yake. Nililaza ufagio chini. Nikapanda. Yaani nilipiga magoti kwenye sakafu ya baraza, nikashika shina la kwanza kwa vidole viwili, nikavuta.

Lilitoka na mzizi mrefu mweupe, na kipande cha paa kikatoka nao. Harufu ya moshi ikanijia. Ilikuwa harufu ya kanga ya mama, ya nywele zake, ya mkono wake ukiniziba mdomo nisipige kelele baba amelala. Nikavuta la pili. La tatu.

"Usitupe," baba akasema, bado kwa Kinyaturu.

Niliyaosha. Yalikuwa majani ya mlenda ya kuenea kiganjani, hayatoshi hata kuitwa mboga. Nilikuwa na mlenda mkavu kwenye kopo, ambao mama mwenyewe aliusaga na kunitumia kwa mkono wa kaka kabla hajaugua, na sikuwa nimeugusa. Nilichemsha maji, nikatia magadi kidogo, nikatia majani ya paani, nikanyunyiza ule unga wa kopo nikikoroga. Ulianza kuvutika kwenye mwiko. Baba alikuwa amejikokota kwa fimbo mpaka mlango wa jiko, akasimama pale akinusa.

Sikusikia nilivyoanza. Nilisikia tu kwamba kuna mtu analia jikoni kwangu, kwa sauti, bila aibu, kama wale wanawake wa mazikoni, na machozi yalikuwa yanadondokea juu ya mkono ulioshika mwiko. Iliuma. Iliuma kila mahali nilipokuwa nimepitisha ulimi.

"Moshi?" baba akauliza, kwa Kiswahili.

Napikia gesi. Jiko langu halina moshi, na yeye anajua.

"Hapana, baba. Namlilia mama."

Fimbo ilipapasa sakafu, ikaikuta stuli, akaivuta akakaa.

"Lia," akasema. "Lakini koroga, usiungue. Na ugali usiwe laini, leo nina njaa."